Saratani Haikuti Mwili Mtupu

Hotuba kwa wagonjwa wa saratani, waliomaliza matibabu, na ndugu wanaowauguza

Mwenyekiti, madaktari na wauguzi wenzangu, wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimepewa mada ndefu yenye maneno makubwa, kuhusu uzito, magonjwa sugu na kuishi na saratani, lakini najua swali lililowaleta wengi wenu hapa, maana ndilo ninaloulizwa kila siku ya kliniki: "Daktari, nipungue au ninenepe?" Mgonjwa ameambiwa na jirani kwamba mafuta mwilini yanailisha saratani, basi kaanza kujinyima. Dada yake kwa upande wake anaamini akikonda ndiyo mwisho wake, anamshindilia chakula asubuhi, mchana na usiku. Wote wawili wanampenda. Na wote wawili wanaweza kuwa na haki, ila si kwa mgonjwa yuleyule, wala si kwa wakati uleule.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Kuna uzito na kupata saratani. Halafu kuna uzito na kuishi baada ya kuipata.

Hilo la kwanza limeshajibiwa vizuri. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, walitaja aina 13 za saratani ambazo mtu asiye na mafuta ya ziada mwilini ana uwezekano mdogo wa kuzipata. Zimo za utumbo mpana, mfuko wa uzazi, figo, ini, kongosho, na ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Kabla ya hapo, mwaka 2003, ulitoka utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu zaidi ya 900,000 kwa miaka 16. Wale wenye unene uliokithiri kabisa, BMI (kipimo cha uzito kikilinganishwa na urefu) ya 40 na kuendelea, walikufa kwa saratani zaidi ya wenye uzito wa kawaida: wanaume kwa asilimia 52, wanawake kwa asilimia 62. Mafuta hayakai tu yakisubiri kutumika. Yanatengeneza estrojeni, homoni ya kike, hata baada ya ovari kuacha kazi. Yanaufanya mwili usiitikie insulini, homoni inayodhibiti sukari, kongosho nalo linaimwaga zaidi, na insulini nyingi huzihimiza seli zigawanyike. Yanatoa kemikali zinazouweka mwili katika hali ya kupambana mwaka hadi mwaka, na adui haonekani.

Hapo napita haraka kwa makusudi. Mtu aliyekwisha kugunduliwa hahitaji kuhubiriwa jinsi alivyopaswa kuishi miaka ishirini iliyopita. Wembamba nao wamejaa wodini, na hakuna aliyeketi hapa akiwa anaadhibiwa kwa umbo lake.

Twende kwenye la pili, ambalo ni gumu zaidi.

Kwa saratani ya matiti, picha inafanana na mnavyotarajia. Mwaka 2014 watafiti walijumlisha tafiti 82 zenye wanawake zaidi ya 213,000 walioiugua. Waliokuwa na BMI ya 30 na zaidi kabla ya kugunduliwa walikuwa na hatari ya kufa, kwa sababu yoyote ile, iliyowazidi wenye uzito wa kawaida kwa asilimia 41. Lakini ukigeukia utumbo mpana, figo au mapafu, tafiti nyingi zinasema kitu kingine kabisa: waliozidi uzito kidogo, BMI ya 25 hadi chini ya 30, mara nyingi wanaishi muda mrefu kuliko wale wa uzito unaoitwa wa kawaida. Mwaka 2018 kuna utafiti ulioonyesha kuwa wanaume wanene wenye melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyosambaa walifaidika zaidi na dawa zinazoamsha kinga ya mwili kuliko wenzao wembamba. Kwa wanawake tofauti hiyo haikuonekana. Wataalamu wanakiita kitendawili cha unene, na wapo waliokimbilia kutangaza kwamba unene ni kinga.

Mimi sikubaliani nao, na nitawaeleza kwa nini.

Jiulizeni uzito huo ulipimwa lini. Mara nyingi ni siku ya kugunduliwa ugonjwa. Sasa mtu anayeingia kliniki na BMI ya 22 leo, huenda mwaka jana alikuwa na 28, na hizo kilo zimeliwa na saratani kabla hata haijajulikana. Huyo anahesabiwa kwenye kundi la "kawaida". Kundi hilo basi linabeba watu ambao tayari wana hali mbaya, halafu tunashangaa likifanya vibaya. Ongeza na sigara: wavutaji wengi ni wembamba, na mapafu na mioyo yao ina mizigo yake. Ukiwapanga pamoja na wembamba wenye afya, hesabu nzima inapinda.

Halafu kuna hiyo BMI yenyewe. Ilibuniwa miaka ya 1830 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa hisabati na nyota, aliyekuwa akimtafuta binadamu wa wastani. Hakuwa akitafuta mgonjwa wa kumtibu. Unagawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, basi. Haikuulizi kama kilo hizo ni misuli, mafuta au maji. Na maji si mzaha. Nimeona familia ikifurahi kwamba mama yao amepanda kilo nne ndani ya wiki mbili, kumbe tumbo linajaa maji kwa sababu ya saratani ya ovari, huku mikono na mabega yamebaki mifupa. Mizani ilisema kweli. Wao ndio walioisoma vibaya.

Mkitaka kuona ninachosema kwa macho, iko picha ya CT, inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande. Tunampiga mgonjwa picha hiyo kutafuta uvimbe, lakini inaonyesha mengi zaidi. Watafiti huchukua kipande kimoja tu, usawa wa pingili ya tatu ya kiuno, wakapima eneo la misuli. Wachukulieni watu wawili, wote kilo 90, urefu sawa. Wa kwanza, misuli iliyo kando ya uti wa mgongo imejaa, na ukuta wa tumbo ni mnene. Wa pili, misuli imebaki ukanda mwembamba, tena umepenyezwa michirizi ya mafuta, na nafasi yote iliyobaki ni mafuta. Kwenye mizani hawa ni pacha. Kwenye matibabu hawafanani hata kidogo. Huyu wa pili ana kinachoitwa sakopenia, upungufu wa misuli, na kwa kuwa ni mnene hakuna anayemshtukia. Ndiye anayepigwa zaidi na madhara ya dawa, na kwa wastani anaishi muda mfupi zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kitendawili, kwa maoni yangu, ni misuli. Mtu mwenye kilo za ziada kidogo mara nyingi ana misuli zaidi pia, akiba ya kupitia miezi migumu. Kilichomsaidia ni akiba hiyo, ila sifa ikapewa mafuta.

Ndugu wauguzaji, hapa naomba masikio yenu. Ipo hali iitwayo kakeksia, pale saratani inapoufanya mwili ule misuli yake wenyewe. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa kimataifa lilikubaliana jinsi ya kuitambua: mtu amepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 bila kukusudia. Kama tayari ni mwembamba, BMI chini ya 20, au misuli imeshapungua, basi hata zaidi ya asilimia 2 inatosha kutushtua. Piga hesabu. Aliyekuwa na kilo 80, zikipungua zaidi ya 4 ni dalili. Aliyekuwa na kilo 110, ni zaidi ya kilo 5 na nusu, na huyo bado ni mnene wa kuonekana! Watu wanampongeza barabarani, "Hongera, umependeza, umepungua," naye anatabasamu. Nimechoka na hongera hizo. Mgonjwa wa saratani anayepungua bila kutaka asipongezwe, aletwe kliniki.

Na chakula pekee hakiirudishi kakeksia yote. Mwili wenyewe umebadilisha namna unavyotumia protini na nguvu. Kwa hiyo ugomvi wa mezani, yule anayeshinikiza sahani na yule anayegeuza uso, mara nyingi hauna mkosaji. Tafuteni kwanza kinachozuia kula: kichefuchefu, vidonda vya mdomoni, maumivu, choo kigumu, huzuni. Vyote hivyo vina tiba. Kisha milo midogo ya mara kwa mara, yenye protini ya kutosha, na kuinuka kitandani kila siku hata kwa mwendo mfupi, maana misuli isiyotumika inayeyuka upesi.

Kuna jambo jingine kuhusu uzito ambalo halizungumzwi, nalo lilitokana na sisi wahudumu. Dozi ya dawa nyingi za kemotherapi hukokotolewa kwa ukubwa wa eneo la mwili, kutokana na uzito na urefu. Fomula maarufu zaidi ni ya mwaka 1916, tena ilitokana na vipimo vya watu 9 tu. Kwa miaka mingi, mgonjwa mnene akija, hesabu ikitoa dozi kubwa daktari anaingiwa na hofu na kuipunguza. Anaikata juu kwa juu, au anajifanya mgonjwa ana uzito mdogo kuliko alio nao. Wanawake wengi wanene wenye saratani ya matiti walipewa dawa pungufu kwa namna hiyo, halafu tukaandika kwenye vitabu kwamba wanene hawaponi vizuri. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba dozi ipigwe kwa uzito halisi wa mgonjwa, hasa pale lengo likiwa kuponya, na mwaka 2021 kikarudia hayohayo. Kwa hiyo mna haki ya kuuliza: "Daktari, dozi yangu imepigwa kwa uzito wangu wa leo?" Hilo si swali la utovu wa adabu. Na siku ya dripu mkipimwa, vueni viatu na makoti, mpande mizani. Msimtajie muuguzi kilo mlizokuwa nazo mwaka juzi.

Sasa magonjwa sugu.

Saratani haikuti mwili mtupu. Inakuta presha, inakuta kisukari, inakuta moyo uliochoka au figo iliyopungua nguvu. Mwaka 1987 daktari Mmarekani, Mary Charlson, na wenzake waliyapanga magonjwa 19 na kuyapa alama kuanzia 1 hadi 6, kadiri yanavyompunguzia mtu uwezekano wa kuendelea kuishi. Kisha waliijaribu orodha hiyo kwa wanawake 685 waliokuwa na saratani ya matiti, wakawafuatilia kwa miaka 10, ikatabiri vizuri. Mpaka leo tunaitumia. Kinachonivutia mimi ni kilichotokea baadaye. Katika orodha ya kwanza UKIMWI ulipewa alama 6, sawa na saratani iliyosambaa. Orodha ilipohesabiwa upya mwaka 2011, UKIMWI ulishuka hadi 4, na kisukari ambacho hakijaleta madhara kilitoka 1 kikawa 0. Magonjwa ni yaleyale. Tofauti ni matibabu. Ugonjwa sugu unaodhibitiwa na ugonjwa sugu ulioachwa ni vitu viwili tofauti.

Kwa kisukari, takwimu si za kuchekesha. Uchambuzi wa mwaka 2008 uliojumlisha tafiti 23 ulikuta kuwa wagonjwa wa saratani waliokuwa na kisukari kabla walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 41. Ni tarakimu ileile niliyowatajia kwa unene na matiti, lakini imegongana tu, msitafute siri ndani yake.

Njia ambazo kisukari hupitia kuumiza ni nyingi. Kidonda cha upasuaji kinachelewa kufunga, na kemotherapi haiwezi kuanza mpaka kifunge. Chembe nyeupe za damu zikishuka baada ya dripu, sukari iliyo juu inawarahisishia vijidudu kazi. Dawa kama deksamethasoni, tunayowapa kuzuia kutapika, inapandisha sukari kwa siku kadhaa. Mgonjwa anayelalamika kiu na kukojoa sana baada ya dripu asiambiwe ni "uchovu wa dawa", apimwe. Dawa za kemotherapi kama paklitakseli na vinkristini huumiza mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, na kama kisukari kimeshaianza kazi hiyo, ganzi inakuja mapema na dozi inabidi ipunguzwe. Sisplatini, nayo ya kemotherapi, huumiza figo. Figo zikiwa dhaifu tunabadilisha dawa, na mbadala si lazima uwe na nguvu sawa.

Kuna hata namna ambayo kisukari huficha saratani. Mtu mwenye sukari akipungua kilo, kila mtu anasema ni sukari. Miezi inakwenda. Mzee ambaye hajawahi kuwa na kisukari, akakipata ghafla ukubwani huku anakonda, mchunguzeni na kongosho.

Moyo nao una yake. Doksorubisini na trastuzumabu ni dawa nzuri za saratani, zimeokoa watu wengi, lakini zinaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na mwenye presha isiyodhibitiwa yuko hatarini zaidi. Ndiyo maana tunawapima moyo kabla ya kuanza na katikati ya matibabu. Sasa nisikilizeni: mgonjwa akishaambiwa ana saratani, mara nyingi anaacha vidonge vya presha. "Hicho kidogo, daktari, tushughulike na hiki kikubwa kwanza." Kumbe mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wanawake zaidi ya 63,000 wa Marekani, wenye miaka 66 na kuendelea, waliogunduliwa na saratani ya matiti. Walipohesabiwa waliofariki, magonjwa ya moyo na mishipa yaliongoza kwa tofauti ndogo, yakiizidi saratani ya matiti yenyewe. Hawa ni watu ambao hospitali iliwatibu matiti, kisha moyo ukawachukua. Msiache vidonge vya presha. Msiache vya sukari. Kama kuna kinachogongana na kemotherapi, sisi ndio wa kukibadilisha.

Na kwa kuwa nimetaja vya sukari, naona wapo wanaomeza metformini bila kuwa na kisukari, wakiamini inaua saratani. Tumaini hilo lilikuwapo hata kwa watafiti, nao walilipima ipasavyo: wanawake 3,649 wenye saratani ya matiti na wasio na kisukari, nusu metformini, nusu kidonge kisicho na dawa, kwa miaka 5. Matokeo yalitoka 2022. Kwa ujumla haikuzuia saratani kurudi. Metformini ni dawa ya kisukari, na kwa kisukari ni nzuri sana.

Lawama nyingine naielekeza kwetu. Mgonjwa mwenye magonjwa matatu mara nyingi hupewa matibabu hafifu ya saratani. Wakati mwingine ni busara, mwili hauwezi. Wakati mwingine ni woga wa daktari, au kliniki ya saratani haizungumzi na kliniki ya moyo, na mgonjwa ndiye anayebeba karatasi katikati. Mkiambiwa dawa fulani haiwafai, ulizeni ni kwa sababu ya ugonjwa gani, na kama ugonjwa huo ukidhibitiwa kwa wiki chache jibu litabadilika.

Nimebakiza habari ninayoipenda. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao kutoka Kanada na Australia, waliokuwa wamefanyiwa upasuaji na kumaliza kemotherapi. Nusu walipewa kitabu cha ushauri wa afya. Nusu walipewa programu ya mazoezi yenye msimamizi kwa miaka 3, na shabaha yake inafikiwa hata kwa kutembea haraka kama dakika 45 hadi saa moja, mara tatu au nne kwa wiki, juu ya ulichokuwa ukifanya. Baada ya miaka 8, asilimia 90.3 ya waliofanya mazoezi walikuwa hai, dhidi ya 83.2 ya wenzao. Maumivu ya viungo na misuli yaliwapata zaidi wa mazoezi, nisifiche. Lakini tazameni hili: uzito wa makundi hayo mawili haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Watu walirefusha maisha na mizani ikabaki palepale.

Kwa hiyo, yule aliyeniuliza apungue au anenepe. Kama uko katikati ya kemotherapi au mionzi, usijipunguze, linda misuli, na kilo zikishuka bila wewe kutaka, sema wiki hiyohiyo. Kama umemaliza, hali imetulia, na una mafuta ya ziada pamoja na presha au sukari, hapo kupungua polepole kuna faida, tena kwa mwendo na protini, si kwa kujinyima mpaka miguu inatetemeka. Kama wewe ni mwembamba tangu zamani na uzito wako hautikisiki, kula vizuri, tembea, na mwambie jirani yako asante.

Wauguzaji, mkitoka hapa chukueni daftari moja. Uzito kila wiki, mizani ileile, saa ileile. Presha na sukari kwa wenye nazo. Majina ya dawa zote, pamoja na zile za mitishamba mnazotuficha. Mje nalo kila kliniki, mliweke mezani kabla hatujaanza kuuliza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali sasa, naona mama mmoja kule nyuma mkono wake uko juu tangu nilipotaja vidonge vya presha, tuanze na yeye.